Tathmini ya mazingira: Mchuuzi asiye na hati asikose mkutano

MAJI yakipwa wakati wa bamvua, wanawake wa pwani ya Kilwa hushuka miambani kutafuta pweza. Vyombo vinaporudi, diko hujaa watu: mnunuzi wa jumla, muuza barafu, mbeba ndoo, mkaanga samaki, na mwenye pikipiki atakayepeleka mzigo Nangurukuru kwenye barabara kuu. Karibu wote hao hawana hati ya kipande cha ufukwe wanachofanyia kazi. Wengi hawana hata karatasi ya kibanda.

Serikali inapotangaza kujenga mahali kama hapo, swali la kwanza la watu hao huwa ni moja: tutalipwa? Kwa mujibu wa sheria ya fidia, jibu kwa wengi wao ni hapana. Ndiyo maana karatasi nyingine, ambayo wengi huiona kuwa ni ya wataalamu na wapenda miti, ina uzito mkubwa kwao kuliko wanavyodhani. Karatasi hiyo ni ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, kwa kifupi TAM.

Wakazi wa Kilwa Masoko wana sababu ya kuijua. Septemba 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi la bandari ya uvuvi katika mji huo, mradi wa zaidi ya Sh bilioni 260 uliokabidhiwa kampuni ya China Harbour Engineering. Bandari ya namna hiyo huja na gati la meli za uvuvi wa bahari kuu, mtambo wa barafu, vyumba vya ubaridi na soko. Kwa mchumi hiyo ni habari njema. Samaki anayeoza kabla ya kufika sokoni ni hasara ya mvuvi, na barafu ya uhakika huongeza bei bila kuongeza nyavu. Lakini faida ya bandari huandikwa kwa jumla, ilhali hasara humfika mtu mmoja mmoja.

Fidia nchini hufuata Sheria za Ardhi za mwaka 1999 na kanuni za uthamini za mwaka 2001. Anayeguswa hulipwa thamani ya ardhi na maendelezo yake, yaani nyumba, minazi, mikorosho na kadhalika. Huongezwa posho ya usumbufu, posho ya usafiri na posho ya makazi, ambayo ni kodi ya soko kwa miezi 36. Mwenye biashara hulipwa pia faida aliyoipoteza, nayo huhesabiwa kwa kuzidisha faida halisi ya mwezi kwa miezi 36. Malipo yakichelewa kupita miezi sita, riba hudaiwa.

Kwa mwenye duka la matofali lenye vitabu vya hesabu vilivyokaguliwa, mambo si mabaya. Mwenye genge asiye na daftari atathibitisha faida yake kwa kitu gani? Na mpwezaji je? Mwamba wa baharini hauna mmiliki anayeandikwa kwenye fomu ya mthamini. Mchanga wa kuanikia dagaa ni wa umma. Mthamini anayepita na kalamu yake anaweza kumpita mama mwenye ungo wa dagaa bila kumwona, wala hatakuwa amevunja sheria yoyote.

Hata wenye ardhi wamejua maana ya kusubiri. Kule Likong'o, Manispaa ya Lindi, zaidi ya hekta 2,000 zilitengwa kwa ajili ya kiwanda cha kusindika gesi asilia. Waliofanyiwa uthamini walikaa miaka kadhaa kabla ya kuanza kulipwa mwaka 2020. Mkulima aliye katika hali hiyo hajui apande mkorosho mpya au aache. Mkorosho huchukua miaka mitatu au zaidi kuanza kuzaa, hivyo kila msimu wa kusitasita una gharama yake.

Tathmini ya mazingira hufanya kazi kwa njia tofauti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, pamoja na kanuni zake za mwaka 2005 zilizorekebishwa mwaka 2018, haiulizi nani ana hati. Inauliza mradi utaathiri nini na nani, na mwenye mradi atafanya nini kupunguza madhara. Neno mazingira katika sheria hiyo linabeba pia hali ya maisha ya watu, uchumi wao na utamaduni wao. Mama wa dagaa ambaye hana nafasi kwenye fomu ya mthamini anaweza kupewa aya nzima katika ripoti ya mazingira. Mradi wa aina hii ukimpita hapo, hakuna karatasi nyingine itakayomtaja.

Utaratibu wenyewe si mgumu kuuelewa. Mwenye mradi, hata awe wizara au halmashauri, husajili mradi wake kwa mamlaka ya mazingira, kazi ambayo sheria ya 2004 ilimpa NEMC. Mradi hupangwa katika kundi kulingana na ukubwa wa athari zake. Ule mzito hufanyiwa tathmini kamili na mshauri aliyesajiliwa, ambaye kwanza huandaa hadidu za rejea, yaani orodha ya mambo atakayoyachunguza. Ripoti hupitiwa na kamati ya wataalamu, kisha hutolewa cheti chenye masharti. Kibali cha ujenzi au leseni nyingine yoyote haichukui nafasi ya cheti hicho.

Katikati ya hatua hizo ndipo mwananchi huingia. Kanuni zinamtaka mwenye mradi abandike matangazo mahali pa wazi, atangaze gazetini na redioni kwa Kiswahili na Kiingereza, na afanye mikutano inapofaa. Muhtasari wa ripoti lazima uwe pia kwa Kiswahili. Tatizo la pwani ni kwamba mkutano wa saa nne asubuhi huwakuta wavuvi wa usiku wamelala na wachuuzi wako barabarani. Orodha ya mahudhurio hujaa viongozi wa kata na watumishi wa wilaya, kisha ripoti inaandika kwamba wananchi walishirikishwa.

Kwa bandari, jambo linalostahili maswali mengi ni kuongeza kina cha bahari. Kuchimba chini ya maji hutibua tope. Tope hilo huzuia mwanga, na likitua hufunika matumbawe na nyasi za bahari ambako samaki wadogo na pweza hujificha. Mwani nao hauvumilii maji machafu, na mkulima wake hupoteza zao zima katika wiki chache. Kwa hiyo si swali la kitaaluma tu kuuliza kifusi kitamwagwa wapi, uchimbaji utafanyika miezi ipi, na nani atapima uchafu wa maji kila wiki. Kaskazi na kusi hazisukumi tope upande mmoja, na mvuvi mzee wa Masoko anajua mikondo ya mlango huo kuliko mtaalamu aliyefika kwa siku tano. Ujuzi wake usipoandikwa kwenye ripoti, hauwezi kuwa sharti.

Mahali penyewe pana uzito wa pekee. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa, lenye hekta 596,908, liliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mikoko yake ni kitalu cha kamba na samaki. Ng'ambo ya mlango wa bahari yako magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo pamoja na ya Songo Mnara yamo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, mmomonyoko wa ufukwe ukiwa miongoni mwa sababu, na yakaondolewa mwaka 2014 baada ya ukarabati. Mwongozo wa mkataba wa urithi huo unazitaka nchi kuiarifu kamati yake kabla ya kuanza ujenzi mkubwa unaoweza kuyagusa. Wenye mashua za kuvusha watalii wana masilahi hapo, ingawa ni nadra kuwasikia wakiitwa wadau.

Kilwa tayari ina somo la tathmini isiyowasaidia wenyeji. Katikati ya miaka ya 2000 kampuni ya Kiholanzi ya BioShape ilikuja kulima mibono ya kutengenezea mafuta ya mitambo. Ilipata takribani hekta 34,000 katika vijiji vya Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Tathmini ya mazingira ilifanyika, lakini watafiti waliochunguza mradi huo baadaye walikosoa jinsi ilivyofanywa katika eneo la misitu ya pwani. Fedha zilizolipwa kwa ajili ya ardhi ziligawanywa, asilimia 60 kwa halmashauri na asilimia 40 kwa vijiji. Mwaka 2009 kazi zilisimama, na mwaka uliofuata kampuni ikafilisika.

Hasara kubwa ilikuwa katika jambo ambalo wengi hawakulisikia mkutanoni. Ardhi ya kijiji ikihamishwa kumpa mwekezaji hugeuka ardhi ya kawaida, na mwekezaji akianguka hairudi kijijini yenyewe. Katika wilaya hiyohiyo, mwaka 2009, misitu ya vijiji iliyosimamiwa na wananchi kwa msaada wa mradi wa hifadhi ya mpingo ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, na vijiji vikaanza kuuza magogo yao kwa bei ya maana.

Si bandari na mashamba makubwa tu. Oktoba 2021 vilizinduliwa vituo jumuishi sita vya utoaji haki, huko Dodoma, Arusha, Mwanza, Morogoro na viwili Dar es Salaam, chini ya mpango wa Mahakama uliokopeshewa fedha na Benki ya Dunia, ambayo ina masharti yake ya mazingira na jamii. Jengo la mahakama halitoi moshi. Likijengwa katikati ya mji, maswali yake ni ya mtaani: mama lishe na wapiga chapa waliokuwa hapo watakwenda wapi, mchanga na kokoto vitachimbwa shamba la nani, na maji ya paa kubwa na uwanja wa sakafu yatatokea wapi.

Suala hilo la maji lisichukuliwe kwa wepesi. Mwanzoni mwa Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara eneo la Somanga, malori ya bidhaa yakakwama pande zote mbili. Upana wa kalavati ni tarakimu katika michoro, na tathmini ndiyo inayopaswa kuuliza kama tarakimu hiyo inatosha.

Mchuuzi anaweza kujiandaa mapema, kabla ya kusikia habari za mradi wowote. Daftari la mauzo ya kila siku, hata la Sh 1,000, ni mwanzo wa ushahidi pale faida ya miezi 36 inapohesabiwa. Kikundi cha ulinzi wa rasilimali za bahari, BMU, kinaweza kuandika idadi ya vyombo, waanikaji na wapwezaji wa diko lake na kuikabidhi kwa mshauri, kisha kidai nakala iliyopigwa muhuri wa kupokewa. Hoja ya mdomo huweza kupotea katika muhtasari, lakini barua hupachikwa kwenye viambatisho vya ripoti.

Ripoti ikitoka, sehemu ya kusoma kwanza ni mpango wa usimamizi wa mazingira. Hapo huwa na jedwali linaloonyesha athari, hatua itakayochukuliwa, mhusika na gharama. Palipoandikwa kwamba wachuuzi watatengewa eneo la muda, pawe na jina la eneo na kiasi cha fedha mbele yake. Pakiwa patupu, barua ya pili iandikwe kabla cheti hakijatoka, na nakala ipelekwe kwa afisa mazingira wa wilaya.