Asili Mbili za Kristo na Panga za Askari

Kila Jumapili Wakristo walio katika vikosi vyetu hukiri kwamba Yesu Kristo ni Mungu kweli, na kwamba alifanyika mwanadamu. Maneno hayo hutamkwa upesi, na ni wachache waulizao yalipatikana kwa gharama gani. Sisi tulio katika kazi ya silaha yatupasa kujua, maana katika habari hiyo askari hawakusimama kando.

Swali lilikuwa hili: ikiwa Kristo ni Mungu, ni nani aliyeona njaa, akalia kaburini kwa Lazaro, akafa msalabani? Nestorius, Askofu Mkuu wa Constantinople, alitenga umungu na ubinadamu hata akaonekana kuhubiri Kristo wawili. Akahukumiwa huko Efeso mwaka 431. Eutyches, mmonaki mzee wa mji uo huo wa Constantinople, alikimbilia upande wa pili, akafundisha kana kwamba ubinadamu umemezwa na umungu.

Agosti 449 maaskofu waliitwa tena Efeso, chini ya Dioscorus wa Alexandria. Flavian, Askofu Mkuu aliyekuwa amemhukumu Eutyches, sasa alihukumiwa yeye. Baadhi ya maaskofu waliposita, milango ya kanisa ilifunguliwa wakaingia askari, na wamonaki pamoja nao. Flavian alivuliwa cheo, akafa muda mfupi baadaye. Maaskofu kadhaa walishuhudia kwamba walitiwa hofu hata wakaweka sahihi katika karatasi tupu. Papa Leo wa Roma aliuita mkutano huo wa wanyang'anyi, wala hatudhani kwamba alizidisha.

Mwaka 450 ukaisari ulimwangukia Marcian, mtu aliyekulia jeshini. Oktoba 451 maaskofu wapatao mia tano walikutana Chalcedon, mahali ambapo leo ni Kadıköy katika mji wa Istanbul. Waliamua kwamba Kristo ni nafsi moja katika asili mbili, zisizochanganyika wala kubadilika, zisizogawanyika wala kutengana. Msomaji atatambua kwamba hawakueleza asili hizo zimeunganaje. Walisimika nguzo za mpaka tu, na siri iliyo ndani wakaiacha ilivyo.

Wamisri wengi walikataa. Walikuwa wamefundishwa na Cyril, askofu wao wa zamani, kusema asili moja ya Neno aliyetwaa mwili. Waliposikia "asili mbili" wakaona Nestorius amerudi. Dioscorus aliondolewa, akawekwa Proterius, na ulinzi ukawa juu ya askari. Umati uliwapiga kwa mawe. Wakakimbilia lililokuwa hekalu la Serapis, wakazingirwa humo na kuchomwa moto wakiwa hai. Kaisari alipeleka kuruti 2,000. Mwanahistoria Evagrius asimulia kwamba hao waliwatendea jeuri wake na mabinti wa wenyeji, na mambo yakawa mabaya kuliko kwanza. Mgao wa nafaka ulikatwa, mabafu yakafungwa, michezo ikapigwa marufuku. Mwaka 457, Marcian alipokwisha kufa, umati ulimwua Proterius. Twashuku kama hata mmoja wa kuruti wale angaliweza kueleza ni fundisho gani alilotumwa kulitetea.

Ethiopia nayo ilionja uchungu huo. Kanisa lake hujiita Tewahedo, maana yake kuunganishwa kuwa kitu kimoja. Mfalme Susenyos alipojitangaza mfuasi wa Roma mwaka 1622, na kutaka raia wamfuate, nchi iliingia katika maasi na damu nyingi ikamwagika. Alishinda vitani, lakini mwaka 1632 akairudisha imani ya kale na kumwachia kiti mwanawe Fasilides.

Tarehe 10 Mei 1973, Papa Paulo VI na Shenouda III, mkuu wa Wakopti wa Misri, walitia sahihi huko Roma tamko moja: Kristo ni Mungu mkamilifu na mtu mkamilifu, umungu wake umeungana na ubinadamu wake pasipo kuchanganyika, kubadilika, kugawanyika wala kutengana. Nguzo zote nne za Chalcedon zimo katika tamko hilo. Maneno "asili mbili" hayamo, wala "asili moja".