Punguza Uzito, Lakini Chunga Figo Zako

Ndugu mfanyakazi wa Mulekera, pengine mganga amekuambia upunguze uzito kabla ya kupasuliwa ngiri. Au ndugu yako anangojea kupasuliwa tumbo ili kuondoa unene wenyewe, kama wanavyofanya Nairobi. Siku inakaribia, mzani haushuki. Hapo ndipo wengi hukosea: wanaacha kula, wanaacha kunywa, wanameza dawa za kuharisha. Mzani unashuka kweli, lakini kilichotoka ni maji, si mafuta. Wanaoumia ni figo.

Figo ni mbili, kila moja kubwa kama ngumi yako. Kila siku huchuja maji yapata litri 180 kutoka katika damu na kurudisha karibu yote mwilini. Uchafu hutoka kwa mkojo, litri 1 hadi 2. Mwili ukikauka, damu kidogo tu hufika kwenye figo, nazo zaweza kuacha kazi. Hapo hata upasuaji utaahirishwa.

Basi ushike haya:

1. Kabla ya kuanza, pimwa presha, mkojo, na damu kwa kipimo cha kreatinini. Presha na kisukari huharibu figo kimyakimya.

2. Kula ulivyoandikiwa. Kwa upasuaji wa unene, chakula kidogo hupewa kwa kawaida majuma 2 hivi, ili ini lipungue na mganga apate nafasi. Hiyo si kufunga. Punguza bugali na mafuta ya sombe. Epuka chumvi ya makayabu. Mwenye ugonjwa wa figo asijipimie nyama na maharagi, amuulize mganga.

3. Kunywa maji mara kwa mara, hasa ukitoka jasho kazini, isipokuwa mganga amekuwekea kipimo. Kasiksi si maji.

4. Usijinunulie ibuprofeni wala diklofenaki sokoni. Acha mizizi ya kukondesha na dawa za kusafisha tumbo.

5. Unameza dawa ya presha, kisukari au ya kukojoza? Usiiache mwenyewe. Mwambie mganga kwamba chakula kimepungua, apime upya dawa.

Nawe mama wa nyumbani, angalia: mkojo kidogo au mweusi, miguu kuvimba, kutapika, kizunguzungu. Ukiona moja, mpeleke hospitali leo, usingoje kesho.

Kilo zilizobaki zaweza kungoja juma jingine. Figo hazingoji.