"Forest City", lakabu ya Cleveland: msitu upi?

Mtafsiri anayekutana na maneno "Forest City" katika maandishi ya Kimarekani ya karne ya 19 aghalabu huandika "Jiji la Misitu" na kuendelea na kazi yake. Tafsiri hiyo haina kasoro ya sarufi, lakini humpeleka msomaji kusiko. Cleveland, jiji la viwanda katika jimbo la Ohio, halikupewa lakabu hiyo kwa ajili ya msitu lililoukuta. Lilipewa kwa ajili ya miti iliyopandwa na wakazi wake baada ya msitu huo kufyekwa.

Moses Cleaveland alifika mlangoni mwa mto Cuyahoga, unapoingia Ziwa Erie, mwaka 1796, akiwaongoza wapima ardhi wa kampuni kutoka Connecticut. (Jina lake lina herufi "a" ambayo jina la jiji liliipoteza katika miaka ya 1830.) Nchi yote ile ilikuwa msitu mnene, na shoka ndilo lililotangulia mambo mengine yote. Kwa mlowezi wa zama hizo msitu ulikuwa kizuizi cha shamba, maficho ya wanyama na kuni zisizokwisha. Si kitu cha kujisifia. Kijiji kilichotaka kuonekana kimestaarabika kilijitahidi kuonyesha kuwa kimeushinda msitu.

Ndiyo maana asili ya lakabu yapaswa kutafutwa kwa wapandaji. Wapo wanaompa sifa Leonard Case, aliyekiongoza kijiji cha Cleveland mwanzoni mwa miaka ya 1820 na kuhimiza miti ya kivuli ipandwe kandokando ya barabara. Wengine humtaja mwanawe, William Case, mpenzi mkubwa wa kilimo cha bustani, aliyekuwa meya mwaka 1850 na 1851 na kuendeleza kazi hiyohiyo kwa miti ya kivuli na ya matunda. Si lazima kuchagua kati ya baba na mwana. Mti uliopandwa katika zama za baba ulihitaji miaka ishirini au thelathini ili utandaze kivuli, na kufikia katikati ya karne, wakati wa mwana, wageni walikuta mji ambao paa za nyumba zake zilijificha chini ya majani. Mingi ya miti hiyo ilikuwa ya jamii ambayo wataalamu wa mimea huiita Ulmus, yenye matawi yanayopanda juu kisha kuinama, hata safu mbili zikakutana na kufanya kama dari juu ya barabara.

Miaka hiyohiyo jiji lilikuwa likijiandaa kuwa kinyume cha jina lake. Mfereji wa Ohio na Erie ulikamilika mwaka 1832. Kuanzia miaka ya 1850 meli zilileta madini ya chuma kutoka Ziwa Superior. Na mwaka 1870 John D. Rockefeller na wenzake waliisajili hapo kampuni ya mafuta ya Standard Oil. Viwanda vya chuma na vya kusafishia mafuta vilijipanga katika bonde la Cuyahoga, na moshi wake ukatua juu ya majani yaleyale yaliyolipa jiji sifa. Tarehe 22 Juni 1969 mafuta na takataka zilizoelea mtoni zilishika moto. Haikuwa mara ya kwanza, wala haikuwa mara mbaya kuliko zote, lakini ndiyo iliyosikika nchi nzima, na kwa watu wengi "mto uliowaka" ukawa ndilo jina jipya la Cleveland.

Miti yenyewe ilipata pigo lingine. Mwaka 1930 ugonjwa wa kuvu unaoiua miti ya Ulmus, unaoenezwa na mbawakawa, uligunduliwa kwa mara ya kwanza nchini Marekani, na uligunduliwa Ohio, Cleveland ikiwemo. Uliingia na magogo yaliyoagizwa kutoka Ulaya kwa ajili ya kutengenezea samani. Mpango wa miti wa jiji uliotolewa mwaka 2015 ulikadiria kuwa kivuli cha miti kilifunika asilimia 19 tu ya eneo lake.

Hapa ndipo uteuzi wa neno unapokuwa na uzito. "Msitu" katika Kiswahili ni miti mingi iliyosongamana, na fikra ya kwanza ya msomaji ni mahali pasipo makazi. Ni kweli kwamba wataalamu wa misitu Tanzania husema "misitu ya kupandwa", kama ule wa Sao Hill wilayani Mufindi, lakini hiyo ni miti ya mbao, isiyohusiana na kivuli cha barabarani. "Jiji la Misitu" humfanya msomaji adhani kuwa jiji linamiliki misitu au limezungukwa nayo. "Jiji la Miti" hupoteza kidogo ukubwa wa neno la asili, lakini husema kweli, na hufuata muundo uliokwisha zoeleka katika lakabu kama "Jiji la Miamba" kwa Mwanza. Katika maandishi ya kawaida kuhusu Cleveland, hilo ndilo la kupendelewa.

Lisifanywe kuwa kanuni, hata hivyo. London ya Ontario, nchini Kanada, nayo huitwa "Forest City", na huko maelezo yanayotolewa ni kwamba mji ulianza kama uwazi katikati ya msitu. Miti ya kupandwa ilikuja baadaye. Kwa mji huo "Jiji la Msituni", likiwa na kiambishi cha mahali, lingefaa zaidi. Maneno yaleyale ya Kiingereza yanadai Kiswahili tofauti kwa sababu historia ni tofauti.

Majina ya timu na makampuni yaachwe yalivyo. Ligi ya besiboli ya mwaka 1871 ilikuwa na timu mbili zilizoitwa Forest City, moja ya Cleveland na nyingine ya Rockford, Illinois. Mtafsiri wa habari za ligi hiyo atataja jina la mji kila mara, la sivyo msomaji hatajua nani amemfunga nani.