Misingi Mitatu ya Kuainisha Kromatografia

Mkulima wa Chilangala, katika uwanda wa juu wa Makonde wilayani Newala, anajua kwamba mafuta ya ganda la korosho hubabua ngozi. Mkemia huongeza kwamba mafuta hayo ni mchanganyiko wa asidi anakadiki, kadoli na kadanoli, na kwamba viambato hivyo huweza kutenganishwa kwa kromatografia. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi mbinu za kromatografia zinavyoainishwa, ili mfasiri na mwalimu wapate kuzitaja bila kuzichanganya.

Jina hili limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya rangi na kuandika. Mtaalamu wa mimea wa Kirusi, Mikhail Tsvet, alilitumia mwaka 1906 alipoeleza jinsi alivyotenga rangi za majani katika bomba lililojazwa unga wa chaki. Siku hizi rangi si sharti. La lazima ni awamu mbili: awamu tuli, ikaayo mahali pake, na awamu tembezi, ipitayo ikichukua mchanganyiko. Kiambato kinachozuiliwa zaidi na awamu tuli huchelewa kutoka.

Misingi mikuu ya uainishaji ni mitatu:

(a) Hali ya awamu tembezi: gesi au kimiminiko.

(b) Umbo la awamu tuli: safu ndani ya bomba, au bapa, yaani karatasi na utando mwembamba.

(c) Sababu ya kutengana: kunata usoni, kugawanyika kati ya awamu, kubadilishana ioni, au ukubwa wa molekuli.

Basi, anayeandika kwamba kromatografia ni za aina tatu, "ya gesi, ya karatasi na ya ioni", ni sawa na anayesema kwamba watu ni wa aina tatu: wanawake, walimu na Wamakonde. Mwalimu wa kike wa Kimakonde atawekwa kundi gani?

Hatuna budi pia kujihadhari na maneno ya jikoni. Kutenga kwa ukubwa kusiitwe kuchekecha. Katika chekeche, chembe ndogo hutangulia kupita; katika kromatografia hii, molekuli kubwa ndizo zinazotangulia, kwa kuwa ndogo huingia katika vitundu vya awamu tuli zikachelewa. Kadhalika, kunata usoni kusiitwe kufyonzwa, kwani kinachofyonzwa huingia ndani.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba, kabla ya kuteua istilahi, mfasiri aulize kwanza: jina hili linataja kinachotembea, umbo, au sababu?