Kumdhalilisha mwanafunzi mgeni si mzaha, ni dhulma

Kijana wa Kirongwe anapopata nafasi ya chuo kikuu, furaha huenea kwa jamaa na majirani. Dua husomwa, naye huenda Kilindoni kupanda chombo cha Nyamisati, kisha Dar es Salaam. Huusiwa juu ya masomo, swala na marafiki wabaya. Jambo moja aghalabu husahaulika: afanye nini iwapo waliomtangulia chuoni watamdhalilisha kwa kisingizio cha utani?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina historia yenye mazingatio. Kwa miaka mingi palikuwa na desturi iliyoitwa Mzee Punch: maandishi na michoro iliyowekwa ukutani na watu wasiojitaja. Mwanzoni iliwakejeli wenye mamlaka. Baadaye ikawageukia wanafunzi wa kike, hasa waliokataa kutongozwa. Aliyeandikwa alitengwa, na aliyesuhubiana naye alihatarisha kuandikwa yeye pia. Mwezi Februari 1990 Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alijitoa uhai baada ya kuandamwa. Mwaka huo Mzee Punch ilipigwa marufuku, na Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kikapaza sauti dhidi ya udhalilishaji huo.

Tuzingatie jambo hili: anayeandika ukutani aweza kuwa mtu mmoja, lakini fedheha hukamilika kwa wanaosoma wakacheka, na wanaojua wakanyamaza. Leo ukuta umehamia kwenye simu. Dhulma ni ile ile.

Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, inakataza kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Na katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Masahaba walichukua kamba ya mwenzao aliyelala, naye akashtuka. Mtume (S.A.W.) akawabainishia kuwa si halali Mwislamu kumtia hofu Mwislamu mwenziwe. Ikiwa kamba tu haikuachwa ipite kama mzaha, sembuse kumvunjia mtu heshima yake?

Basi, mzazi, kabla mwanao hajaondoka mweleze kuwa kukataa kudhalilishwa si utovu wa adabu. Akiandamwa, asifute ujumbe wala picha. Aandike tarehe, mahali na waliokuwepo, kisha amfikie mshauri wa wanafunzi. Akipigwa, akitishwa au akibughudhiwa kijinsia, aende pia polisi, ambako kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Tangu mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana imeitambua bughudha ya kijinsia kuwa jinai.

Nawe mwanafunzi uliyeshuhudia, usimwache mwenzako aende peke yake. Ushahidi wako ndio nguvu yake. Na siku mtoto atakapopiga simu nyumbani akilia, tusiharakishe kumwambia avumilie. Tumsikilize kwanza, tumwamini, kisha tusimame naye. Subira ni ibada, lakini kuinyamazia dhulma siyo subira.