Kufundisha Upangaji wa Sentensi Zilizochanganywa

Mitihani ya Kiswahili ya shule za msingi humtaka mtoto kupanga sentensi zilizochanganywa ziwe na mantiki. Asiyefundishwa njia hubahatisha herufi. Tutazame mfano wa hapa Bangwe:

A. Asubuhi akina mama waliwaanika dagaa hao mchangani.
B. Mwanga huo uliwavuta dagaa.
C. Usiku wa giza wavuvi waliingia ziwani, wakawasha taa.
D. Walipojaa karibu na mtumbwi, walinaswa kwa wavu.

Kwanza, mwanafunzi atafute sentensi inayojitegemea. Ni C pekee. A na B zina "hao" na "huo", na D haisemi ni akina nani waliojaa.

Pili, afuate viungo. "Mwanga huo" hurejea taa. "Walipojaa" hurejea dagaa. Asubuhi hufuata usiku. Mpangilio ni C, B, D, A.

Mwalimu asiridhike na jibu sahihi tu, aulize, "Umejuaje?" Aidha, alijaribu zoezi mwenyewe kabla ya kulitoa. Tukifuta neno "hao", A nayo yaweza kutangulia, na mtoto aliyeanza nayo atanyimwa alama kwa kosa la mtungaji.