Kijana wa Maskati Katika Migomba ya Bukoba

Wanachama wengi wameniuliza, barazani na hata mlangoni mwa msikiti, habari za yule kijana mrefu aliyeonekana shambani kwangu msimu uliopita akibeba pakacha la karafuu, viatu vyeupe miguuni kama anayekwenda harusini. Mhariri naye akaniambia, "Bwana, badala ya kumjibu kila mtu peke yake, tuandikie." Basi naandika. Mtanisamehe maneno yakiwa marefu, maana mambo yenyewe yalianza hapa kwetu katika karafuu, yakaishia mbali, Bukoba, ukingoni mwa Ziwa Viktoria.

Kijana huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeolewa Maskati zamani. Ana miaka 19. Kiswahili anakijua, ila ni Kiswahili cha jikoni kwa mama yake. Ukimwambia "makonyo" au "upembo" anakutazama tu. Alikuwa amemaliza skuli, anangojea chuo, akapata nafasi pamoja na vijana wengine wa nchi mbali mbali kwenda kujitolea katika Mkoa wa Kagera, kuwasaidia wakulima wa migomba. Mama yake alinipigia simu usiku, na sauti yake haikuwa ya raha. "Kaka," alisema, "mtoto huyu hajapata kushika jembe. Atakwenda kuwasaidia watu kazi gani?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake, na nasema kweli hata leo najiuliza. Nauli ya kijana mmoja kutoka Arabuni hadi Bukoba ingewalipa vibarua wangapi wa kule kule? Lakini tukapatana na dada yangu kwamba kijana aje kwanza kwangu Pemba, akae mwezi mmoja, afanye kazi kama wanavyofanya watoto wa hapa. Akishindwa, arudi kwao.

Alitoka katika joto la Maskati la mwezi wa Juni, akakuta kipupwe chetu, akawa analala na blanketi mbili. Karafuu za mwanzo zilikuwa tayari. Siku ya kwanza alivunja tawi zima kwa haraka ya kuchuma, nikamwita chini nikamwonyesha: tawi ulilolivunja leo halitakupa kitu msimu ujao. Jioni alikaa ukumbini na kina mama kuchambua. Vidole vilimvimba, na kila mtoto wa miaka kumi alimshinda kwa pishi. Wiki ya pili alijua kuanua majamvi kabla sijamwita, wingu likionekana tu, na hapo moyo wangu ukatua kidogo.

Jambo moja nililomwonyesha ndilo lililomfaa kuliko yote. Bondeni kwangu upo mkarafuu mkubwa uliokufa, ambao marehemu baba aliurithi kwa baba yake. Ulikuwa na majani ya kupendeza, kisha yakawa manjano, yakapukutika, na baada ya siku chache mti ukasimama mkavu kama mlingoti. Wazee wetu waliuona ugonjwa huu wa kufa ghafla miaka mingi wakidhani ni jicho la watu au maji ya chini. Wataalamu waliufanyia kazi visiwani humu, na mwaka 1953 walitoa maandishi kwamba kinachoua ni kuvu. Mpwa wangu aliugusa ule mti akaniuliza, "Mjomba, dawa yake ni nini?" Nikamwambia kwamba mti ukishafika hapo hakuna dawa, kazi iliyobaki ni kuilinda iliyo jirani. Akanyamaza.

Hapa nitatoka njiani kidogo. Si mara ya kwanza kijana wa ng'ambo kutumia kiangazi chake kujifunza kabla ya kuja kwetu. Mwaka 1961, nchini Marekani, vijana wapima ardhi, wahandisi na wajuzi wa miamba walikusanywa katika chuo cha Texas Western, mjini El Paso, wakafundishwa Kiswahili na desturi za Tanganyika, kisha wakapelekwa Puerto Rico kuzoezwa maisha ya msituni. Tarehe 28 Agosti mwaka huo Rais Kennedy aliwakaribisha Ikulu ya Washington pamoja na wenzao waliokuwa wakienda Ghana. Hao walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa wa Peace Corps, nao waliikuta Tanganyika imebakiza wiki chache tu kupata uhuru wake wa tarehe 9 Desemba. Kazi yao ilikuwa kupima barabara na ramani. Ninachokipenda katika habari hii ni kwamba waliletwa watu wenye ujuzi wao, na bado wakawekwa skuli kwanza. Mpwa wangu hakuwa na ujuzi wowote, naye skuli yake ilikuwa shamba langu.

Mwisho wa Julai akaondoka. Alitaka kuvuka ziwa kwa meli kutoka Mwanza, ile Victoria ambayo ilianza kazi ziwani mwaka 1961 na baada ya kutengenezwa upya ikarudi majini mwaka 2020. Mama yake alipinga sana. Mv Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Na sisi watu wa Pemba hatuhitaji kusimuliwa maana ya meli kuzama, kwa kuwa tuna makaburi ya Spice Islander ya Septemba 2011. Hata hivyo alipanda, akafika asubuhi salama, akatuma picha ya kilima na ziwa.

Walilala Bilele, kata mojawapo ya mji wa Bukoba, vijana sita katika nyumba moja, wakipika kwa zamu. Alfajiri walikwenda Muleba kwa gari, njia ya vilima na udongo mwekundu. Mpwa wangu aliniambia jambo lililomshangaza: kuona mbele ya nyumba za watu kahawa imeanikwa chini, mtu akiipindua kwa miguu. "Mjomba, nilidhani nimerudi kwako." Watu wa huko ni wakulima wa zao la kuuza kama sisi. Chama chao cha ushirika cha kahawa kilianza mwaka 1950, na leo kinajulikana kwa jina la KCU. Mgeni akifika hupewa buni zilizopikwa na majani ya dawa, azitafune. Kijana wetu alizitafuna, akasema ni chungu, lakini akaomba tena.

Ila riziki ya ndani, chakula cha kila siku, ni mgomba. Nyumba ya Mhaya imo katikati ya kibanja chake: migomba juu, mibuni chini yake, maharage penye nafasi, na nyasi zimetandazwa chini kama jamvi. Humo humo ndimo wanamozikwa wenyewe. Kwa hiyo mtu haangalii migomba yake kama bidhaa tu.

Migomba hiyo imeingiliwa na mnyauko. Ugonjwa huu ulijulikana zamani Uhabeshi, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukathibitishwa Tanzania, huko huko Muleba. Majani hugeuka manjano na kulegea, ndizi huiva kabla ya wakati wake, ukiikata unakuta ndani imekuwa ya kutu, na shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano kama usaha. Dawa hakuna. Wadudu huuchukua kutoka ua dume la mgomba mmoja hadi la mwingine, lile ua la rangi ya zambarau lining'inialo mwisho wa mkungu. Nao binadamu huuchukua kwa panga lake. Basi kinga ni mbili kubwa: ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu, mara chane ya mwisho inapotoka, na panga lililogusa mgomba mmoja lipitishwe motoni mpaka liwe moto kweli kweli kabla ya kugusa mwingine. Mgomba ulio mgonjwa hukatwa peke yake karibu na ardhi, wenzake wa shina hilo wakaachwa na kutazamwa.

Kazi ya vijana ilikuwa hiyo. Kijiti chenye panda hakikumpa taabu, maana kilikuwa upembo wetu uliogeuzwa.

Sasa nafika penye jambo lenyewe. Walipangiwa kibanja cha bibi mmoja mjane. Mkoa wa Kagera ndio uliopata wagonjwa wa mwanzo wa UKIMWI waliotambuliwa nchini, mwaka 1983, na bibi huyu amezika wanawe wawili katika migomba ile, karibu na baba yao. Analea wajukuu wanne. Mgomba uliokuwa mgonjwa ulisimama hatua chache kutoka makaburini. Ilichukua siku mbili za maneno mpaka akakubali ukatwe.

Mpwa wangu ndiye aliyeukata. Kisha akaambiwa apunguze majani makavu ya migomba mingine mitatu, na moto ulikuwa umezimika, na watu wanne wamesimama wakimngojea, naye akaona haya kuwasimamisha. Akakata kwa panga lile lile.

Usiku alinipigia simu kutoka Bilele. "Mjomba, nimeua migomba ya watu." Nikamwuliza nani anajua. Akasema amemwambia mwenzake mmoja, naye amemshauri anyamaze, maana wenyeji wakisikia hawatawaruhusu tena kuingia vibanjani, na pengine hautatokea ugonjwa wowote. Wanachama, sikumjibu upesi. Yule mwenzake hakusema upuuzi: kazi ya watu wengi ingeweza kuharibika kwa kosa la mmoja. Lakini nilimkumbusha mkarafuu wa bondeni. Asiyejua kuwa jirani yake ameingiliwa, atamlinda vipi?

Asubuhi alikwenda. Alimwamkia bibi, shikamoo, akapiga magoti kama alivyoona watoto wa pale wakifanya, akasema, "Bibi, nimekosa. Panga lililokata ule mgonjwa ndilo nililotumia kwa hii mingine, sikulipitisha motoni."

Bibi alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Ni mitatu au minne?"

"Mitatu, bibi."

"Nionyeshe, mjukuu wangu."

Wakaenda. Bibi akachana ganda la mgomba likawa kamba, akaufunga kila mmoja katika ile mitatu, akawaita wajukuu wake akawaambia kwamba hii yenye kamba isiguswe na kisu chochote mpaka atakaposema yeye. Halafu akamwambia kijana awashe moto. Kazi ikaendelea, na tangu siku hiyo hakuruhusu panga liingie kibanjani kwake mpaka alione yeye mwenyewe likitoka motoni. Majirani walipouliza sababu ya kamba zile aliwaeleza, na wiki ile watatu kati yao wakaja na mapanga yao kuonyeshwa.

Mnyauko hauonekani siku ile ile. Huchukua wiki tatu, pengine zaidi. Kijana alikuwa na wiki mbili tu. Aliomba tikiti yake isogezwe mbele, akapata siku tisa, na kila siku alipita kutazama mitatu yake. Aliondoka mwanzo wa Septemba bado ikiwa ya kijani.

Yuko chuoni sasa, Maskati. Mjukuu mkubwa wa bibi ana simu, naye humtumia picha. Mwisho wa Septemba mmoja ulinyauka. Waliukata kama walivyofundishwa, panga likapitishwa motoni. Mwezi wa Novemba miwili iliyobaki ilikuwa imesimama, mmoja una mkungu wa chane saba na ua dume limekwisha kuvunjwa. Kamba bado hazijafunguliwa. Bibi amesema anangoja mvua zipite.

Kwa mkono wa msafiri alinipelekea mimi, nisiyemjua, buni za kutafuna katika jani la mgomba. Nami nimempelekea ratili mbili za karafuu, za daraja la kwanza, na mpwa wangu ameniambia nimwandikie namna ya kuzitia katika chai.